Kuchagua ubao mama na grafiki za ndani kwa kompyuta ya Linux

Anayeunda kompyuta ya Linux bila kadi ya grafiki ya kuchomeka aanze na prosesa, kwa sababu grafiki za ndani siku hizi zimo ndani ya prosesa, wala si kwenye ubao mama. Tundu la HDMI lililo nyuma ya ubao hupitisha picha tu. Ukifunga prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 5600 kwenye ubao wa soketi ya AM4 (tundu la kuwekea prosesa), skrini itabaki nyeusi. Ukifunga Ryzen 5 5600G kwenye ubao uleule, picha itatokea. Kwa upande wa Intel, jina linaloishia na herufi F, kama Core i5-12400F, ni la prosesa isiyo na grafiki. Soma jina lote kabla ya kulipa.

AMD na Intel zote zinafaa, kwani draiva zake (programu za kuendeshea chipu), amdgpu na i915, zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na Mesa, maktaba ya programu za grafiki, hukamilisha kazi ya uchoraji. Usiweke tu kerneli ya zamani kwenye chipu mpya, maana haitaitambua.

Ndipo uje kwenye ubao. Ubao wa B450, mmoja wa aina za ubao wa AM4, ulianza kuuzwa mwaka 2018, ilhali 5600G ilitoka mwaka 2021. Kwa hiyo mwulize muuzaji kama BIOS (programu ya ubao inayowasha kompyuta) imesasishwa, la sivyo kompyuta inaweza isiwake kabisa. Grafiki za ndani hutumia ramu ya kompyuta, na kasi ya ramu ndiyo inayozibana zaidi, hivyo vijiti viwili vya GB 8 vilivyowekwa kwenye njia mbili (dual channel) vitazipa nguvu kuliko kijiti kimoja cha GB 16. Ubao wenye matundu mawili ya ramu unatosha. Kwa Wi-Fi, mimi hupendelea chipu ya Intel, kama AX200, ambayo draiva yake ya iwlwifi imo kwenye kerneli.

Ukiweza, jaribu kabla ya kununua: washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), kisha andika lspci -k, amri inayoorodhesha vifaa na draiva zake. Chini ya mstari wa VGA panapaswa kuandikwa «Kernel driver in use: amdgpu», au i915 kwa Intel. Halafu andika glxinfo -B, inayoonyesha nani anachora picha. Likitokea neno llvmpipe, prosesa inachora kila kitu yenyewe bila msaada wa grafiki, na hapo sasisha kerneli pamoja na kifurushi cha linux-firmware kabla ya kuulaumu ubao.