Somo: Kuomba mafao ya ulemavu Marekani ukiwa na sistiki faibrosisi

Somo hili ni kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi Marekani na wanaougua, au wanaomuuguza mtu mwenye sistiki faibrosisi. Ni ugonjwa wa kurithi: mtoto huupata anapopokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wao wenyewe huwa wazima. Makohozi mazito huziba njia za hewa, maambukizi ya mapafu hayaishi, na mara nyingi kongosho nalo hushindwa kazi yake. Pamoja na uzito wote huo, jina la ugonjwa peke yake halimpatii mtu mzima mafao. Kinachompatia ni karatasi zenye tarehe na vipimo, na ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye karatasi hizo.

Hatua ya kwanza: fahamu unaomba mafao yapi

Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ina mafao ya aina mbili. SSDI ni bima ya aliyefanya kazi na kukatwa kodi. Kazi huhesabiwa kwa alama ziitwazo krediti: mwaka 2025 kila dola 1,810 za mapato zilileta krediti moja, na kwa mwaka mmoja hazizidi krediti 4. Kwa kawaida hutakiwa krediti 40, na 20 kati ya hizo ziwe za miaka 10 ya mwisho, lakini kijana aliyepata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 24 anaweza kukubaliwa akiwa na krediti 6 tu za miaka 3 iliyotangulia. Kwa ugonjwa unaowaelemea watu wakiwa bado vijana, kanuni hiyo ni msaada mkubwa, nami nasikitika kuona wengi hawaijui.

SSI ni ya mwenye kipato na mali kidogo, hata kama hajawahi kuajiriwa. Mali isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa mume na mke, na malipo ya juu ya serikali kuu kwa mwaka 2025 yalikuwa dola 967 kwa mwezi. Walioingia nchini kama wakimbizi, wakiwemo ndugu wengi kutoka Kongo, hupata SSI kwa muda wa miaka 7, na baada ya hapo kwa kawaida hutakiwa wawe raia, au wawe na ukazi wa kudumu pamoja na krediti 40. Maombi ya uraia, basi, yasisubiri mwaka wa saba.

Kwa mafao yote mawili ugonjwa lazima uwe umedumu, au utarajiwe kudumu, miezi 12 au zaidi, au uwe wa kumfikisha mtu kwenye kifo. Mtu mzima ambaye mapato yake ya kazi yanazidi kikomo cha mwezi, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620, kwa kawaida hukataliwa kabla mapafu yake hayajatazamwa.

Hatua ya pili: thibitisha ugonjwa wenyewe

Inatakiwa ripoti ya maabara iliyosainiwa na daktari: kipimo cha jasho chenye kloridi ya 60 mmol/L au zaidi, au kipimo cha jeni kinachoonyesha mabadiliko mawili yanayosababisha ugonjwa huu, na juu yake kimoja kati ya hivi: dalili za ugonjwa, ndugu wa tumbo moja aliyethibitika kuwa nao, au kipimo cha mtoto mchanga kilichouonyesha. Mtu mwenye asili ya Afrika huweza kutibiwa pumu kwa miaka kabla ya kuagiziwa kipimo cha jasho, kwa sababu madaktari wengi wamezoea kuuona ugonjwa huu kwa wenye asili ya Ulaya. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, omba pia majalada ya miaka hiyo ya pumu, kwa kuwa yanaonyesha ulianza kuumwa lini.

Hatua ya tatu: linganisha jalada lako na kifungu 3.04

Kitabu cha vigezo cha Mamlaka kina kifungu cha watu wazima wenye sistiki faibrosisi, nambari 3.04, na ukitimiza kigezo kimoja tu kati ya vilivyomo inatosha. Kigezo cha kwanza ni nguvu ya pumzi, yaani kiasi cha hewa unachotoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza, kikilinganishwa na jedwali la umri, jinsia na urefu. Urefu hupimwa bila viatu, na kipimo hufanywa ukiwa umetulia kiafya: si ndani ya siku 30 baada ya kumaliza matibabu ya maambukizi ya mapafu, wala ndani ya wiki 2 baada ya kubadilishiwa dawa za kupumua. Mwombe mtaalamu aandike mambo hayo kwenye ripoti.

Kigezo kingine ni kulazwa mara tatu ndani ya miezi 12, kila mara ikitofautiana na nyingine kwa siku 30 au zaidi. Kwa ugonjwa huu haijalishi ulilala siku ngapi, hivyo hata usiku mmoja uliolazwa rasmi unahesabiwa, na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali ndiyo ushahidi wake. Kuna pia kiwango cha oksijeni kwenye damu cha asilimia 89 au chini, kilichopimwa mara mbili ndani ya miezi 12 kwa kupishana siku 30, ukiwa umepumzika au katika kipimo cha kutembea kwa dakika 6. Penye mwinuko wa futi 3,000 hadi 6,000, kama Denver, kiwango hicho ni asilimia 87.

Kipengele ambacho familia nyingi hukiruka ni kile cha mwisho, kinachotaka matukio mawili ndani ya miezi 12, yawe ya aina moja au tofauti: dripu ya antibayotiki kwa siku 10 mfululizo, kulazwa kwa sababu ya kukohoa damu, kulishwa kila siku kwa mrija wa tumboni kwa siku 90, au kisukari cha ugonjwa huu kinachohitaji insulini kila siku kwa siku 90. Mtu aliyekaa nyumbani na dripu kwa siku 10 hujiona hakulazwa na hivyo hana cha kuandika. Anacho, tena ni nusu ya kigezo.

Hatua ya nne: usipotimiza kifungu, eleza siku yako

Hapa ndipo wengi hushindia, kwa sababu Mamlaka hulazimika kupima ni kazi gani bado unaiweza. Barua ya daktari inayosema "mgonjwa hawezi kufanya kazi" haina uzito. Barua yenye uzito husema hivi: "Hutumia nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kwa mvuke) na fulana ya kutikisa kifua asubuhi na jioni, saa moja na nusu kila mara, hupumzika akipanda ngazi za ghorofa moja, hukohoa hadi kutapika akivuta vumbi au moshi, kwa mwezi hukosa siku nne au zaidi." Katika fomu SSA-3373, inayouliza shughuli zako za kila siku, usiandike "napika" ukaishia hapo, andika kwamba unapika umekaa, na kwamba sufuria huteremshwa na mtu mwingine. Mkalimani wa Mamlaka ni bure, kwa hiyo usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya kifua chako.

Maswali ya wanachama

Swali (mama, Louisville): Shikamoo dada. Mwanangu ana miaka 9 na baba yake anafanya kazi. Je, ataweza kupata?

Jibu: Marahaba mama. Watoto wana kifungu chao, 103.04, na mafao yao ni SSI. Sehemu ya kipato cha wazazi huhesabiwa kuwa ya mtoto, kwa hiyo peleka hati za mshahara na idadi ya watoto wote walioko nyumbani. Akifikisha miaka 18 atapimwa upya kwa vigezo vya watu wazima, na kuanzia hapo kipato chenu hakitahesabiwa tena kuwa chake.

Swali: Tangu nianze Trikafta, dawa ya ugonjwa huu, nguvu ya pumzi imepanda. Nitaondolewa?

Jibu: Ndugu yangu, usiache dawa kwa hofu hiyo, kwani kukataa matibabu uliyoandikiwa bila sababu ya msingi kunaweza kukunyima mafao. Ili wakuondoe, lazima waonyeshe kwamba afya yako imeimarika kwa namna inayobadilisha uwezo wako wa kufanya kazi. Kisukari, muda wa matibabu na siku unazoumwa vyote viendelee kuandikwa kliniki.

Swali: Nimekataliwa. Nianze upya?

Jibu: Hapana, kata rufaa. Una siku 60 tangu upokee barua, nao huchukulia kwamba uliipokea siku 5 baada ya tarehe yake. Ukianza upya unaweza kupoteza malipo ya miezi iliyopita. Mwanasheria kwa kawaida hulipwa ukishinda tu, asilimia 25 ya malimbikizo, na kwa mikataba ya kawaida kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200.

Swali: Baba amefariki Bukavu na napokea SSI. Naweza kwenda msibani?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Nenda, lakini toa taarifa kabla ya safari. Ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo au zaidi, SSI husimama na hairudi mpaka ukae tena nchini siku 30 mfululizo. Kama unaweza, rudi kabla ya kutimiza siku hizo, na utunze tiketi na pasipoti yenye mihuri. Beba pia dawa za kutosha kuzidi siku ulizopanga, pamoja na barua ya kliniki inayotaja nebulaiza, ili usizuiwe nayo uwanja wa ndege.