Kabla Kinyonga Jike Hajataga: Mambo ya Kuzingatia Mapema

Mtu anayefuga kinyonga wa Yemeni kwa mara ya kwanza, yule mwenye kishungi kirefu kichwani, hushtuka anapomkuta jike wake, aliyekaa peke yake tangu udogoni, akifukua pembe za kizimba. Jike wa aina hii hutaga hata kama hajapata kukutana na dume, sawa na kuku wa mayai asiyehitaji jogoo, na anaweza kuanza akiwa na umri wa miezi minne hadi sita. Kwa hiyo maandalizi huanza siku ya kumnunua, kwa kukagua miguu yake ya nyuma: dume huanguliwa akiwa tayari na kikwaru kidogo kisiginoni, ilhali jike hana. Asiyekiona kikwaru hicho ajiandae kwa mayai. Haya, lakini, hayamhusu kinyonga wa Jackson wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, kwa kuwa huyo huzaa watoto walio hai.

Kitu kinachostahili kushughulikiwa kuliko vyote ni chombo cha kutagia. Ndoo au beseni lisilopitisha mwanga, lenye kina na upana wa sentimita 30 au zaidi, litobolewe matundu machache chini ili maji ya kunyunyizia yasituame, kisha lijazwe mchanga laini uliooshwa vizuri. Mchanga huo usiwe mkavu wala usiwe tope. Ukifinyangwa kiganjani ubaki donge bila kuchuruza maji, na kidole kikichomekwa na kutolewa, tundu lake libaki wazi. Kipimo hiki kisipuuzwe, kwani jike huchimba handaki na kuingia humo mwili mzima, na mchanga unaoporomoka humfanya aanze upya hadi aishiwe nguvu. Ndoo iwekwe kizimbani tangu jike afikishe umri wa miezi minne na ibaki humo, na tawi moja literemke hadi kwenye mchanga ili aizoee njia kabla hajaihitaji. Kungoja dalili ndipo ndoo itafutwe ni kuchelewa.

Dalili zenyewe ni kutotulia, kuzungukazunguka sakafuni mwa kizimba, kunywa maji kuliko kawaida na kupunguza au kuacha kula, huku tumbo likionekana kama lililojazwa gololi. Akianza kuchimba, kizimba kifunikwe kwa kitambaa pande tatu na watu wa nyumbani waambiwe wasichungulie. Jike anayejiona anatazamwa huacha shimo na kuendelea kuyabeba mayai. Wa kwangu aliacha mashimo mawili, kosa likiwa langu, kwa sababu nilikiweka kizimba ukumbini karibu na mlango ambao haukosi mpita njia. La tatu alilimaliza baada ya kuhamishiwa chumba cha nyuma. Kazi hii huweza kuchukua siku nzima au zaidi, akalala ndani ya handaki, na hapaswi kutolewa humo kwa kuhurumiwa.

Kuhusu chakula, mazoea ya kumshibisha kila siku yana gharama. Jike aliyekomaa akilishwa kupita kiasi na kuota joto kali hutunga mayai mengi mno, wakati mwingine zaidi ya 60 kwa mkupuo mmoja, na kila moja humnyang'anya madini ya mifupa. Ndiyo maana wafugaji wazoefu humpa wadudu wachache, watatu hadi watano hivi, kwa siku za kupishana, na kushusha joto la mahali pa kuotea hadi nyuzi 27 za Selsiasi. Nyenje wapakwe poda ya kalsiamu isiyo na vitamini D3 karibu kila mlo, na yenye D3 itumike kama mara mbili kwa mwezi. Taa ya miale ya UVB, yaani miale ya urujuanimno kama ile ya jua, ibadilishwe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, kwani miale hiyo hufifia kabla ya mwanga unaoonekana kwa macho.

Daktari wa wanyama anayewajua reptilia atafutwe mapema, maana madaktari wengi wa mifugo hawajapata kumtibu kinyonga. Jike anayefumba macho mchana, mwenye macho yaliyobonyea, au anayelala sakafuni bila kuchimba, huenda mayai yamemkwama. Hapo hapana tiba ya nyumbani: anahitaji eksirei, pengine kalsiamu na dawa ya kusukuma mayai, na ikishindikana upasuaji.

Akishataga hufukia shimo na kulishindilia kwa miguu, kisha hupanda juu akiwa amekonda na amejaa mchanga usoni. Anyunyiziwe maji kwa muda mrefu, alishwe vizuri kwa siku kadhaa, na mayai yafukuliwe baada ya yeye kuondoka. Ya jike asiyepandwa hutupwa; ya aliyepandwa huwekwa kwenye vamikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu bila kugeuzwa, kwenye nyuzi 26 hadi 28, kwa miezi sita hadi tisa. Mchanga ubadilishwe na ndoo irudishwe palepale, kwa kuwa mkupuo mwingine unaweza kuja baada ya miezi mitatu au minne.