Matuta Yaanzie Juu: Ushauri kwa Wakulima wa Milima ya Uluguru

Udongo unaopotea kwenye shamba la mteremko katika Milima ya Uluguru hauishii kwa jirani wa chini. Hufuata vijito hadi Mto Ruvu, ambao ni chanzo kikuu cha maji ya jiji la Dar es Salaam, na ndiyo maana hifadhi ya milima hii ni jambo la mikoa zaidi ya mmoja. Hata hivyo, kazi yenyewe hufanywa kwa jembe, tena inapaswa kuanzia kwenye mashamba ya juu. Tuta zuri lililoko chini halidumu iwapo mashamba yaliyo juu yake yako wazi, kwa kuwa maji ya masika huzidi nguvu kadiri yanavyoshuka na huweza kulibomoa kwa usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo, wakulima wa mteremko mmoja wakae na kukubaliana kabla ya yeyote kuchimba. Makubaliano hayo hayawezi kuletwa kwa amri. Mwaka 1955 shuruti ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi ilizua ghasia hapa Uluguru, na wazee walikuwa na hoja: licha ya kazi ya sulubu, matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Anayechimba ngazi leo autenge kwanza udongo wa juu, asawazishe ngazi, kisha aurudishe na kuuchanganya na samadi. Hatua hii isirukwe hata kama vibarua wanalalamika.

Kontua (mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko) hupimwa kwa fremu ya umbo la A, yaani miti miwili iliyofungwa pamoja kileleni, mti wa tatu ukikingama katikati, na jiwe likining'inia kwa kamba kutoka juu. Simamisha fremu, weka alama kamba inapogusa mti wa kati, badilishana nafasi za miguu ya fremu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Tembeza fremu shambani ukipigilia kigingi kila kamba inapotulia hapo. Kwa tuta la fanya juu, chimba mfereji kufuata vigingi, tupa udongo upande wa juu, kisha panda majani ya tembo au guatemala kwenye tuta mapema, ambayo pia ni malisho ya mbuzi na ng'ombe.

Vyanzo vya maji vinahitaji msimamo mkali zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mikuyu iliyopo iachwe, na mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo kuhusu moto na kilimo cha kingoni, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kisha na halmashauri ya wilaya. Wanawake, ambao ndio wachotaji wa maji, wasikose kwenye kamati ya mazingira.

Uchimbaji ukamilike kiangazi. Mvua kubwa ya kwanza ikishapita, kikundi kikague mteremko mzima kuanzia juu, kizibe palipomeguka na kuzoa tope mferejini kabla mvua nyingine haijanyesha.