Skordatura: maana yake na jinsi ya kuitumia

Skordatura ni neno la Kiitaliano. Maana yake ni kutyuni uzi mmoja au zaidi wa fidla, chelo au gitaa tofauti na kawaida, kwa makusudi. Gitaa likipotea tyuni kwa sababu ya joto, hiyo si skordatura.

Anza na gitaa. Shusha uzi wa sita, ule mnene, kutoka E hadi D, ukiulinganisha na uzi wa nne: zinatakiwa zisikike noti moja, uzi wa sita ukiwa chini kwa oktava moja. Kuanzia hapo kila noti ya uzi huo imesogea freti mbili (freti ni vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo ya gitaa). G iliyokuwa freti ya 3 sasa iko freti ya 5. Mkono uliozoea ukipiga kodi ya G (noti kadhaa kwa pamoja) kama kawaida, besi inatoka F, na hapo ndipo wengi huharibu.

Kwenye fidla na chelo kazi ngumu ni kusoma nota. Mara nyingi mtunzi haandiki sauti itakayosikika. Anaandika mahali pa kuweka kidole, kana kwamba tyuni haijabadilika. Katika Suti ya 5 ya Bach ya chelo, uzi wa A hushushwa hadi G. Ukiona A ya uzi huo, piga uzi mtupu, bila kuweka kidole; itasikika G, na ndiyo sahihi. Usiisahihishe kwa sikio. Lakini yapo matoleo yaliyoandikwa kwa sauti halisi, kwa hiyo kabla ya kupiga chochote tazama mwanzo wa ukurasa uone tyuni iliyotajwa na nota zimeandikwa kwa mtindo gani.

Ukishusha uzi mmoja, nyingine hupanda kidogo kwa kuwa mvuto juu ya ubao umepungua. Rudia kutyuni zote, raundi mbili au tatu, kisha uache chombo kitulie. Kushusha nusu toni ni salama. Kupandisha kunahitaji uangalifu zaidi: uzi wa E wa fidla ni mwembamba na hukatika upesi, hivyo zungusha kigingi polepole, na uso ukae mbali. Kila unapokaza, kagua daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Kichwa chake huvutwa kuelekea shingo ya fidla, na likiachwa limeinama hupinda au huanguka. Lishike kwa vidole vya mikono miwili, ulirudishe taratibu nyuzi zikiwa zimelegezwa kidogo.