Jinsi ya kushusha giaboksi ya otomatiki kwenye gari la skrepa bila kuiua

Giaboksi inaweza kutoka salama kwenye ajali ikaja kufa mikononi mwa anayeishusha. Naliona hili gereji mara kwa mara: mteja kanunua giaboksi nzima, imefungwa, gari halisogei, ugomvi unaanza kati yake na dalali. Ukichunguza, aliyeishusha aliivuta huku konveta, lile bakuli la chuma linalopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi, ikiwa bado imefungwa kwenye injini, oili sili ya mbele ikachanika na pampu ya oili ya giaboksi ikapasuka. Kwa hiyo ukisahau yote nitakayoyaeleza hapa, hili usilisahau: konveta hutoka pamoja na giaboksi, haibaki kwenye injini.

Nitatumia mfano wa Toyota IST ya toleo la kwanza, yenye injini ya 1NZ na giaboksi ya U340E ya gia nne, kwa kuwa ndilo gari lililojaa Mwanza na spea zake zinatafutwa kila siku. Gari lingine linalovuta kwa magurudumu ya mbele linafuata njia hiyohiyo, tofauti ni ndogondogo.

Kabla hujatoa hela

Usinunue kwa kufananisha umbo. Tafuta kibati cha gari, usome mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, kisha ulinganishe na cha gari lako. Zipo Vitz zenye giaboksi ya CVT, ambayo ndani yake kuna mkanda na puli, na haiingiliani kabisa na ya gia nne. IST inayovuta magurudumu yote manne nayo ina giaboksi yake, yenye sehemu ya kutolea shafti ya kwenda nyuma.

Chomoa stiki ya oili ya giaboksi, ufute oili kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu au ya kahawia hafifu haina tatizo. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, achana nayo. Ikiwa nyeupenyeupe kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu oili ya giaboksi hupoozwa ndani ya rejeta na kijibomba cha mle kikipasuka vinachanganyika. Hiyo usiichukue hata ukipewa kwa bei ya kutupa, maana maji yanaharibu gundi ya klachi za ndani.

Angalia gari liligongwa wapi. Kwenye IST giaboksi iko kushoto, kwa hiyo gari lililogongwa kona ya mbele kushoto likague kwa tochi: maskio ya maunti (vishikio vya giaboksi kwenye bodi), ganda la aluminiamu, na mahali zinapoingia draivu shafti, zile za kuzungusha magurudumu ya mbele.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hawakifanyi. Weka soketi 19 kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini), ujaribu kuzungusha injini. Utaihitaji izunguke ili ufikie bolti za konveta. Ikiwa imejam kabisa, kazi inakuwa mara tatu na hatari ya kuharibu inapanda. Mimi gari la namna hiyo naliacha.

Mwisho, mwambie muuzaji akuoneshe kadi ya gari na akupe risiti. Spea ya wizi itakuletea polisi gereji.

Hatua ya 1: Liinue gari kwa usalama

Gari la yadi mara nyingi halina matairi, na hapa kwetu mawe hayana uhaba, basi watu wanalikalisha juu ya mawe. Usiingie chini ya gari lililokalia mawe, wala lililobebwa na jeki peke yake. Jiwe huteleza bila kukupa taarifa. Tumia stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana, kisha lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni kabla hujalala chini. Likitikisika, panga upya. Usikubali muuzaji akuharakishe hapa.

Hatua ya 2: Fungua vya juu

Ondoa betri na sahani yake, halafu boksi la ea klina. Ukimaliza utaiona giaboksi yote kwa juu. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa waya.

Soketi za waya zichomoe kwa kubonyeza kipini chake, usikate. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi hukatika kwa urahisi, kwa hiyo bonyeza taratibu kwa bisibisi ndogo. Ukiweza kuelewana na muuzaji, chukua na kipande cha waya chenye soketi zake, kitakuokoa siku ya kufunga. Ondoa kebo ya gia na hozi mbili za oili zinazokwenda kwenye rejeta. Midomo ya hozi na ya giaboksi izibe papo hapo. Mchanga ukiingia humo unafika kwenye valvu, na giaboksi itaanza kupiga kila inapobadilisha gia.

Hatua ya 3: Mwaga oili

Plagi ya chini inafunguliwa kwa aleni 10. Kinga kwa ndoo, na uitazame oili inavyotoka: vipande vya chuma vinavyong'aa ni dalili mbaya, na bado hujachelewa kusitisha biashara. Usiimwage mtaroni. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kuishia ziwani, na maji tunayokunywa Mwanza yanavutwa ziwa hilohilo. Weka kwenye dumu lenye kifuniko uondoke nalo.

Hatua ya 4: Draivu shafti na staata

Fungua nati za habu (kitovu cha gurudumu) kwa soketi 30, achanisha boli jointi, kisha sukuma shafti itoke kwenye habu. Upande wa giaboksi tumia mtarimbo mfupi, upige kwa ghafla mara moja badala ya kulazimisha, na usiegemee kwenye oili sili. Ziba matundu kwa kitambaa safi. Staata ina bolti mbili tu.

Hatua ya 5: Bolti za konveta

Kwa upande wa chini, mahali injini inapokutana na giaboksi, kuna kifuniko kidogo. Kitoe, umulike tochi. Utaona flaiwili, ile sahani nyembamba yenye meno, na bolti moja ya soketi 12. Ilegeze, uitoe, kisha mwambie msaidizi azungushe krenki hadi bolti inayofuata itokee. Ziko sita. Ukitoa plagi za moto mapema injini itazunguka kwa wepesi. Zikitoka zote, ingiza bisibisi ndefu uisukume konveta kuelekea giaboksi. Ikisogea kidogo na kuzunguka peke yake, imeachia. Isiposogea, kuna bolti umeiruka, rudia kuhesabu.

Hatua ya 6: Ishushe

Ibebe injini kwa winchi ya mnyororo au gogo lililolazwa juu ya bodi. Weka jeki na kipande cha ubao chini ya giaboksi. Fungua maunti, kisha bolti zinazoishika kwenye injini, ukiacha mbili za juu hadi mwisho. Hapo toa hizo mbili na uitanue taratibu kulia na kushoto kwa zamu, karibu na pini za kuongozea. Usichomeke tindo katikati ya nyuso za aluminiamu.

Ikianza kuachia, mtu mmoja aishike konveta isichomoke kwenye giaboksi. Ikishatoka tu, funga waya mgumu kutoka bolti moja ya mdomo wa giaboksi hadi ya upande wa pili, ukipita juu ya konveta. Usiinamishe mdomo chini, hata wakati wa kupakia kwenye guta. Kama inavuka ziwa kwenda kisiwa cha Ukerewe, ifunge kwenye nailoni na uiweke mahali isipopata maji.

Siku ya kufunga

Konveta iisukume ndani huku ukiizungusha. Itazama kwa vituo, usiridhike na cha kwanza. Laza rula kwenye mdomo wa giaboksi: sehemu zinazopokea bolti lazima ziwe ndani ya mstari wa rula. Ukiunganisha na injini, nyuso mbili zikutane kwa nguvu ya mikono. Ukiona unahitaji bolti ili kuzivuta, simama hapo hapo, maana ndipo pampu inapopasuka.

Safisha hozi na njia ya rejeta kwa oili mpya, kisha jaza oili ya T-IV (aina ya oili ya giaboksi za otomatiki za Toyota), siyo ya CVT. Washa injini, pitisha mkono wa gia kila nafasi ukikanyaga breki, rudisha P, na usome stiki injini ikiwa inaunguruma na oili imepata moto.