Utando ukianza kuziba, usikimbilie pampu

Nilipoanza kazi kwenye mtambo wa kuchuja maji taka ya kiwanda kwa utando, yaani ngozi nyembamba yenye matundu madogo sana, maji safi yalipungua nikaongeza kasi ya pampu. Yakarudi, nikajiona fundi. Saa mbili baadaye yalikuwa machache kuliko mwanzo. Matundu ya utando huu mara nyingi ni ya mikromita 0.01 hadi 0.1, na ukisukuma kwa nguvu unaushindilia utope uliolala juu yake. Uchafu ambao ungetoka kwa maji matupu sasa unadai dawa.

Siku hizi presha ikipanda napunguza mtiririko, halafu natazama kipimajoto. Mnato wa maji ya nyuzi 10 ni karibu mara moja na nusu ya ule wa nyuzi 25, kwa hiyo alfajiri ya baridi geji hupanda hata utando ukiwa safi. Nimewahi kuupiga dawa utando usio na kosa lolote.

Joto likiwa lilelile, osha kinyume: funga maji machafu, sukuma yaliyochujwa kutoka upande wa pili kwa sekunde 30 hadi 60. (Tando za mirija myembamba huvumilia hilo, bapa nyingi hazivumilii, soma kwanza maelekezo yake.) Presha isiposhuka, kuna kitu kimeng'ang'ania.

Kipi? Fungua chujio la mbele, vaa glavu, gusa. Utelezi wenye harufu ni bakteria. Mafuta hung'aa na hayatoki kwa maji. Wekundu wa kutu ni chuma. Chengachenga nyeupe zidondoshee asidi kidogo; zikitoa povu, ni chokaa. Waulize pia wanaotia kemikali huko nyuma: polima ya kugandisha uchafu ikizidi kipimo, au dawa ya kuua povu yenye silikoni, huganda kwenye utando na kuitoa ni kazi.

Kwa mafuta na bakteria tumia kostiki soda, pH (kipimo cha uasidi na ualkali) 11 hadi 12 kama mtengenezaji anaruhusu, katika maji ya vuguvugu yaliyochujwa. Mimi niliwahi kuichanganya na maji magumu ya bomba. Chokaa ikajitenga humo humo, nikawa natoa mafuta huku napanda mawe. Zungusha nusu saa, acha ilowe, zungusha tena, suuza mpaka pH irudi kawaida. Ndipo asidi ya sitriki, kwa kutu na chokaa. Ukianza na asidi wakati uchafu ni wa protini, utaukaza.

Klorini tumia kwa utando unaoistahimili tu, na isikutane na asidi hata kwenye bomba la kumwagia. Gesi inayotoka inaua.

Mwisho pitisha maji safi kwa presha na joto lilelile la siku utando ulipofungwa ukiwa mpya, ulinganishe mtiririko. Namba yangu ya siku ile nimeiandika kwa wino mzito kwenye mlango wa sanduku la umeme, maana daftari la zamu limeshalowa mara mbili.