Rosti ya ng'ombe ya moto mdogo na mboga zake: jinsi ya kuipika mpaka uma uzame wenyewe

Kama umewahi kupika kipande kizima cha nyama ya ng'ombe masaa mawili afu ukakuta bado kinavutika kama mpira, najua ulichosema moyoni: nimeipika sana imekauka. Hapana. Mara nyingi sana umeitoa mapema. Nyama ya namna hii ina kipindi katikati ya safari ambapo ni ngumu kuliko ilivyokuwa mwanzo, na wengi ndio hapo hapo wanakata tamaa wanazima jiko. Mimi nilifanya hivyo mara yangu ya kwanza, wageni wameshakaa mezani, nakata kisu hakipiti, tukala viazi na mchuzi tukajifanya hatuioni ile nyama. Afu kesho yake niliirudisha jikoni masaa mawili mengine na ikawa laini ajabu, nikabaki najiuliza kumbe jana ilikuwa imebaki kidogo tu.

Kabla sijaendelea, nikisema rosti hapa namaanisha kipande kizima, mnofu wa kilo moja na nusu mpaka mbili, sio nyama ya kukatakata kwenye mchuzi mzito. Kinatosha watu watano au sita, manake nyama inasinyaa sana, inaweza kupoteza hata theluthi ya uzito wake, kwa hiyo usishtuke ukifunua sufuria ukaona kama kuna mtu amepita amemega.

Hatua ya 1: chagua nyama "mbaya"

Hapa ndo kila kitu kinaamuliwa. Usinunue sarara wala steki laini, hizo ni za kupika haraka, ukizipika masaa manne unapata kitu kikavu kama mbao na pesa yako imeenda. Unataka sehemu ambayo ng'ombe ameifanyia kazi: bega, shingo, kidari, au muundi. Mimi nachukua bega kila nikilipata. Angalia kipande chenye mistari myeupe inayopita ndani ya nyama, mafuta na vile viutando vigumu vigumu, ambavyo mwenye bucha anaweza hata akakupa pole ukivitaka. Vile viutando ni kolajeni, na kolajeni ikikaa kwenye joto la unyevu muda mrefu inayeyuka inakuwa jelatini, ndo ile hali ya mchuzi kunata midomoni na nyama kuteleza. Sarara haina kitu cha kuyeyuka, ndo maana haifai kwa kazi hii.

Kama nyama ilikuwa kwenye friza iyeyushe ndani ya friji, sio juu ya meza, na kipande cha kilo mbili kipe kama siku nzima. Ukiipika katikati kuna barafu nje itaiva ndani bado, hesabu zako zote za muda zinaharibika.

Hatua ya 2: chumvi, na iwe jana

Kwa kilo moja na nusu tumia vijiko viwili na nusu vya chai vya chumvi ya unga, vya kusawazisha sio vya kilima. Ni kama gramu 15. Paka pande zote pamoja na pilipili manga, weka kwenye sahani, ingiza friji usiku kucha bila kufunika. Chumvi kwanza inavuta maji nje, utaona nyama inatoa jasho, afu yale maji yanarudi ndani na chumvi yake, asubuhi unakuta juu pamekauka na ndani pamekolea. Ukiwa na haraka paka dakika 45 kabla. Ukikosa hata hizo paka tu uanze, itakuwa nzuri ila chumvi itabaki juu juu.

Hatua ya 3: piga rangi

Itoe kwenye friji, ikaushe kwa taulo za karatasi mpaka karatasi itoke kavu. Usiruke hii. Nyama yenye maji juu haikaangiki inachemka, unapata rangi ya kijivu na harufu ya supu, wakati unataka kahawia iliyokolea.

Chukua sufuria zito lenye mfuniko, la chuma ndio bora, pasha mafuta vijiko viwili vya chakula mpaka yaanze kama kutetemeka yakikaribia kutoa moshi, laza nyama. Sasa iache! Mkono utawasha kuigeuza, iache dakika nne au tano. Ikiwa tayari inaachia sufuria yenyewe, ikiwa bado imeng'ang'ania ujue haijafika. Fanya pande zote hata zile ncha mbili, unaishika na koleo unaisimamisha. Jumla inakula kama robo saa.

Utasikia watu wanasema unakaanga ili kuziba vinyweleo maji yasitoke. Sio kweli, maji yatatoka tu, na wala nyama haina vinyweleo vya kuziba. Unakaanga kwa ajili ya ladha, ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomtoa mtu chumbani kuja kuuliza unapika nini. Ladha hiyo haipatikani ndani ya mchuzi kwa sababu maji hayapiti nyuzi joto 100 na kahawia inataka zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: kitunguu, na vile vilivyogandia chini

Toa nyama weka pembeni. Chini ya sufuria utaona mabaki ya kahawia yamegandia, hayo ni dhahabu usioshe. Yakiwa meusi kabisa yananuka kuungua hapo ndio toa, futa, anza na mafuta mengine, manake uchungu wake utakaa kwenye mchuzi mpaka mwisho.

Punguza moto, weka vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vipande vinene, mashina mawili ya seleri kama unayo, na karoti moja. Hiyo karoti ni ya kutoa ladha tu, haitaliwa, itakufa huko. Kaanga mpaka kitunguu kilegee kianze kupata rangi, kama dakika nane, weka punje sita za kitunguu saumu zilizopondwa na vijiko viwili vya chakula vya nyanya ya kopo, endelea kukoroga dakika mbili mpaka ile nyanya ibadilike kutoka nyekundu kali ikaribie rangi ya matofali. Usiiache ikiwa mbichi, ukali wake utausikia.

Sasa mimina vikombe viwili vya maji au supu ya nyama isiyo na chumvi nyingi, kwanguakwangua chini kwa mwiko wa mbao mpaka mwiko uteleze. Wengine wanamimina divai nyekundu hapa, sawa, mimi naweka kijiko kimoja cha siki tu inatosha kuamsha ladha. Weka kijiti cha rozimari na thaimu kidogo. Rudisha nyama pamoja na ule mchuzi uliodondoka kwenye sahani.

Kimiminika kifike nusu ya urefu wa nyama, au chini kidogo. Sio kuifunika! Hili ni kosa nililofanya muda mrefu, nilikuwa naijaza maji mpaka juu napata nyama ya kuchemsha na mchuzi mwepesi kama chai. Nyama yenyewe itatoa maji mengi, ukirudi baada ya masaa mawili utakuta kimepanda.

Hatua ya 5: oveni, na uvumilivu

Washa oveni nyuzi joto 150 (kama yako inasoma Farenhaiti ni 300). Chemsha sufuria juu ya jiko kwanza mpaka ianze kutokota, funika vizuri, kama mfuniko umelegea weka foili chini yake, ingiza oveni. Kwa kilo moja na nusu hesabu masaa matatu mpaka matatu na nusu, kilo mbili masaa manne, ila hiyo ni makadirio tu, kila ng'ombe na maisha yake.

Baada ya nusu saa funua uangalie mchuzi. Unataka viputo vichache vinavyopanda kivivu, kimoja hapa kimoja pale. Ukikuta inachemka kwa fujo inarukaruka punguza mpaka 140 au 130, manake ikichemka hivyo nyuzi za nyama zinajikaza zinakamua maji yake haraka kabla kolajeni haijapata muda wa kuyeyuka. Geuza nyama mara moja katikati ya safari. Baada ya hapo acha kufunguafungua, kila ukifungua joto linakimbia.

Huna oveni? Jiko la kawaida linafaa, moto mdogo kuliko wote ulionao, sufuria zito, na ugeuze kila saa kwa sababu joto linatoka chini peke yake. Sufuria ya umeme ya kupikia taratibu nayo, masaa nane kwenye joto la chini, lakini hatua ya 3 na 4 ufanye kwanza kwenye kikaango usizikwepe, na maji weka kikombe kimoja tu kwa sababu haipotezi mvuke. Presha kuka inaweza kukutolea kwa saa moja na robo hivi. Nyama inalainika kweli, ila mchuzi wake kwangu mimi haufikii ule wa masaa manne.

Hatua ya 6: mboga ziingie zimechelewa

Masaa mawili yakipita ndio unaweka mboga za kula. Karoti nne, zikatwe vipande virefu vya urefu wa kidole, na viazi sita vya wastani, kata mara mbili, visiwe vidogo. Zipange pembeni ya nyama zizame nusu, nyunyizia chumvi kidogo, funika, rudisha. Zinataka saa moja mpaka moja na robo. Ukizitia tangu mwanzo utakuja kukuta uji.

Afu kuna hili la viazi: vikikataa kuiva wakati karoti zimeshalegea, angalia mchuzi wako una uchachu kiasi gani. Nyanya nyingi au siki nyingi inafanya mboga zichelewe kulainika. Mara moja nilimwaga kopo zima la nyanya, nyama ikawa tayari, viazi bado vinalia kwa meno. Toka siku hiyo ni vijiko viwili tu.

Njegere au maharagwe mabichi ya kijani weka dakika kumi za mwisho.

Hatua ya 7: uma ndio saa yako

Chomeka uma katikati pale panapoonekana panene, zungusha kidogo. Ukizama bila kusukumwa na nyuzi zikaachana, tayari. Ukiingia ila nyama nzima inanyanyuka na uma ukivuta, bado, rudisha dakika 30 ujaribu tena. Usibishane nayo.

Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 63 ndani ya kipande kizima nyama ni salama kula. Ila salama sio laini. Kwenye 70 hadi 75 hapo ndo kile kipindi kibaya nilichosema mwanzo, nyuzi zimeshakamuliwa na kolajeni bado imekaa. Unatafuta 90 mpaka 95. Na mboga zikiwahi kuiva kabla ya nyama zitoe uziweke kwenye bakuli, funika, nyama iendelee peke yake.

Hatua ya 8: mchuzi, na kukata

Toa nyama iweke kwenye ubao, funika na foili bila kuikaza, dakika 20. Ukikata moja kwa moja kutoka kwenye sufuria inasambaratika na mchuzi wote unakimbilia mezani.

Wakati huo chuja mchuzi, acha utulie, mafuta yatapanda juu yaenguliwe na kijiko. Uchemshe sasa kwa nguvu bila mfuniko mpaka upungue karibu theluthi, onja, hapo ndo uamue chumvi, usiamue kabla haujapungua utajuta. Ukitaka uwe mzito zaidi koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi (kornflawa) na vijiko viwili vya maji baridi, mimina huku unakoroga, dakika moja umeshika. Usitie unga mkavu moja kwa moja, utapata madonge.

Kukata: angalia nyuzi za nyama zimelala kuelekea wapi, kisu kipite kuzikatiza, sio kuzifuata. Tazama vizuri kabla hujaanza, kwenye bega nyuzi zinabadilika mwelekeo katikati ya kipande, kwa hiyo na wewe unageuza. Ikiwa imelainika mno haikatiki, wala usihangaike, ichambue na uma mbili vipande vinene umwagie mchuzi.

Ikibaki, iingie friji ndani ya masaa mawili, ikiwa ndani ya mchuzi wake, itakaa siku tatu hadi nne. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu meupe unayainua kama karatasi, na mchuzi chini umekuwa jeli inatikisika. Hapo ikiwa baridi ndo inakatika vipande vizuri kuliko jana, kwa hiyo nikiwa na wageni naipika siku moja kabla, naikata baridi, napanga kwenye trei na mchuzi wake, foili juu, oveni nyuzi 150 kama dakika 40 mpaka itokote pembeni.